Nitajuaje Kwamba Ninapata Nafuu? Kupima Mabadiliko Katika Kikundi cha Ushauri Nasaha

(Muziki wa kipindi unaingia, kisha unashushwa.)

  Vuta kiti ukae. Na kama una jirani ambaye siku hizi amekuwa akijifungia nyumbani, mwite asikilize pamoja nawe.

Leo tunazungumza juu ya dipresheni, ugonjwa ambao wengine huuita unyogovu au sonona. Mama akijiunga na kikundi cha ushauri nasaha ili apone ugonjwa huu, atajuaje kwamba anapona? Nani humpima, na kwa kipimo gani? Na kwa nini majibu yake ya kweli yanaweza kuokoa maisha yake?

Mizani ya mtoto

Mama, unakumbuka unapompeleka mtoto kliniki. Nesi humweka kwenye mizani, husoma uzito, kisha huweka alama ya kalamu kwenye chati iliyo katika kitabu cha afya ya mama na mtoto. Mwezi unaofuata huweka alama nyingine, halafu huziunganisha kwa mstari.

Alama moja peke yake haimwambii nesi mengi. Anachotazama ni mstari. Je, unapanda, umelala, au unashuka? Ukilala miezi miwili, nesi hakugombezi. Anakuuliza: mtoto amekuwa akiharisha? Anakula nini? Mstari humwonyesha mahali pa kuuliza.

Sasa, dipresheni haina mizani ya chuma. Haina kipimajoto, wala hakuna kipimo cha damu cha kuionyesha. Iko ndani ya mtu, na mwenyewe ndiye anayeijua. Kwa hiyo wataalamu hupima kwa maswali. Mgonjwa huulizwa maswali yale yale, kwa namna ile ile, mara kwa mara, na majibu yake huandikwa kwa alama. Alama hizo zikiwekwa pamoja, nazo pia huwa mstari.

Kikundi chenyewe hufanya nini?

Dipresheni si uvivu, si kurogwa, na si upungufu wa imani. Ni ugonjwa, na unatibika. Kuna dawa, na kuna tiba ya mazungumzo. Tiba hii yaweza kufanywa kwa kikundi, watu sita hadi kumi hivi wakikutana kila wiki pamoja na kiongozi aliyefundishwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vikundi vya namna hii, ambao mikutano yake ni minane. Mwongozo huo hutazama mambo manne ambayo mara nyingi huanzisha dipresheni: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke.

Kikundi hiki si baraza la umbeya, na hakuna anayehukumiwa. Kila mkutano huanza kwa kuulizana hali: wiki hii dalili zako zikoje, na ni jambo gani lililotokea? Kwa hiyo kupima ni sehemu ya matibabu yenyewe. Mama anaweza kugundua kwamba wiki aliyogombana na mkwe wake hakulala, na wiki aliyokwenda kumwona dada yake alikula vizuri. Akishajua hivyo, wenzake humsaidia kutafuta njia ya kuzungumza na mkwe, na njia ya kumwona dada mara nyingi zaidi.

Maswali tisa

Kuna fomu nyingi za maswali. Mojawapo inayotumika sana, hapa Kenya na kwingineko, huitwa PHQ-9. Ilichapishwa Marekani mwaka 2001, na imetafsiriwa kwa Kiswahili. Ina maswali tisa, na yote huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita.

Huuliza kama umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, na kama umekuwa na huzuni au kukata tamaa. Huuliza kuhusu usingizi, uchovu, na hamu ya chakula. Huuliza kama umejiona hufai kitu, kama umeshindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, na kama umekuwa mzito au huwezi kutulia, hata watu wakaona. Swali la tisa huuliza kama umewahi kuwaza kwamba afadhali ungekufa, au kuwaza kujiumiza. Hilo tutalirudia.

Kila swali lina majibu manne. Kama jambo hilo halikukusumbua kabisa, unapata sifuri. Likikusumbua siku kadhaa, ni moja. Likizidi nusu ya siku hizo, ni mbili. Likiwa karibu kila siku, ni tatu. Jumla ya juu kabisa ni 27. Chini ya 5, dalili ni chache sana. Kuanzia 5 hadi 9 ni dipresheni nyepesi. Kuanzia 10 hadi 14 ni ya wastani. Kuanzia 15 hadi 19 imezidi wastani, na kuanzia 20 kwenda juu ni kali.

Tofauti na mtihani wa shule, hapa alama za juu maana yake ni mzigo mkubwa, na tunataka zishuke. Wala fomu peke yake haithibitishi ugonjwa. Upungufu wa damu pia huleta uchovu. Kwa hiyo alama zikiwa juu, mhudumu wa afya hukuuliza zaidi na kukupima mwili kabla ya kusema ni dipresheni.

Mama mwenye mtoto mchanga huenda akauliza, "Mimi silali kwa sababu mtoto ananyonya usiku kucha. Si nitapata alama nyingi bure?" Swali zuri. Ndiyo maana kipo kipimo kingine kwa ajili ya waliojifungua, kilichochapishwa mwaka 1987 na watafiti wa Scotland, kinachoitwa kipimo cha Edinburgh. Kina maswali kumi kuhusu siku saba zilizopita. Chenyewe hakiulizi kuhusu uchovu wala hamu ya chakula. Kuhusu usingizi, huuliza kama ni huzuni inayokunyima. Mtoto kulia usiku si dalili ya dipresheni, lakini mtoto akilala na wewe ukabaki macho ukilia, hilo ni jambo la kumwambia nesi.

Kuusoma mstari

Tuchukue mfano. Tuseme mama anaanza kikundi akiwa na alama 17. Wiki ya pili anapata 16. Wiki ya tatu anapata 18. Wiki ya tano 13, na mwisho wa kikundi anapata 6.

Wiki ile ya tatu, angeweza kusema, "Kikundi hiki hakinisaidii, naacha." Pengine alama zilipanda kwa sababu wiki hiyo alizungumza juu ya mtoto aliyempoteza, jambo ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka. Kidonda kikioshwa huuma. Tofauti ya alama moja au mbili haituambii mengi, kwa sababu hata mtu mzima wa afya ana wiki nzuri na wiki mbaya. Wataalamu wa fomu hii huanza kuhesabu mabadiliko kuwa ya maana yakifika kama alama 5. Alama zikishuka hadi nusu ya zile za mwanzo, husema tiba inafanya kazi vizuri. Zikishuka chini ya 5, husema dalili zimeondoka.

Mama wa mfano wetu ameshuka kutoka 17 hadi 6. Ni zaidi ya nusu, na ni nafuu kubwa. Lakini hajafika chini ya 5, kwa hiyo bado anahitaji kufuatiliwa. Hivyo ndivyo mstari unavyosaidia. Unazuia kukata tamaa mapema, na unazuia pia kushangilia mapema.

Na kama mstari umelala? Wiki nne au tano zimepita na alama ni zile zile? Hapo kiongozi anapaswa kuuliza: kuna jambo hatujaligusa? Kuna kipigo nyumbani? Je, mama huyu anahitaji daktari, au dawa pamoja na kikundi? Mstari uliolala ni ishara ya kubadilisha msaada, wala si aibu ya mama.

Waliyoyaona jirani zetu Uganda

Mwaka 2002, katika wilaya za Rakai na Masaka kusini magharibi mwa Uganda, watafiti walijaribu tiba ya kikundi katika vijiji 30. Eneo hilo lilikuwa limeumizwa sana na UKIMWI.

Kabla ya jaribio, watafiti waliwauliza wenyeji wenyewe: ugonjwa huu umewafanya nini watu moyoni? Wenyeji wakataja hali mbili kwa lugha ya Kiganda: *yo'kwekyawa*, yaani kujichukia, na *okwekubazida*, yaani kujihurumia. Watafiti wakaona dalili za hali hizo zinakaribiana sana na za dipresheni. Kisha wakauliza, mwanamke mwenye afya katika kijiji hiki hufanya nini kila siku? Majibu yalikuwa kama ambayo wewe ungetoa: kulea watoto, kupika, kufua, kulima chakula, kwenda kuwafariji waliofiwa. Mambo hayo nayo yakaingizwa kwenye kipimo. Kwa hiyo swali halikuwa tu, "Una huzuni?" Lilikuwa pia, "Unaweza kufanya kazi zako kama wenzako?"

Vijiji viligawanywa kwa kura. Vingine vikapata vikundi, vingine vikaendelea kama kawaida. Wanawake walikuwa na vikundi vyao, na wanaume vyao. Kila kikundi kilikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16, kikiongozwa na mwenyeji aliyefundishwa, anayezungumza lugha yao.

Sikiliza matokeo. Katika vijiji vyenye vikundi, mwanzoni watu kama 86 katika kila 100 walioandikishwa walikuwa na dipresheni kamili. Mwishoni walibaki 6 au 7. Katika vijiji visivyopata vikundi, walikuwa kama 94 katika kila 100, na mwishoni wakawa kama 55.

Umeona jambo hapo? Hata wasiokuwa na kikundi, wengine walipata nafuu. Muda nao huponya baadhi ya watu. Lau wangepima vijiji vyenye vikundi peke yake, mtu angeweza kusema, "Hawa wangepona hata hivyo." Kwa kulinganisha, ikaonekana wazi kwamba kikundi kimefanya kazi ambayo muda peke yake haukuifanya. Tena uwezo wa kufanya kazi za kila siku uliongezeka zaidi kwa waliokuwa kwenye vikundi. Walipopimwa tena miezi sita baadaye, nafuu ilikuwa bado ipo, na vikundi vingi vilikuwa vimeendelea kukutana vyenyewe.

Jibu la kupendeza huharibu kipimo

Mama, sisi tumelelewa kuwa na adabu. Ukiulizwa hujambo, unajibu sijambo, hata kama unaumwa. Lakini mbele ya fomu hii, sijambo ya adabu inaweza kukudhuru. Kiongozi amejitahidi, umeshiba chai yake, unaona haya kumwambia kwamba bado hulali. Unampa majibu mazuri. Alama zinashuka kwenye karatasi, kikundi kinafungwa, na wewe unarudi nyumbani na ugonjwa wako. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Wengine hufanya kinyume, huongeza dalili kwa kudhani watapewa msaada wa chakula au pesa. Hilo nalo huwapotosha wanaokutibu.

Kwa upande wake, kikundi kinachopima vizuri hufanya mambo haya. Hukuuliza maswali ya fomu faraghani, si mbele ya mume, mama mkwe au wanakikundi. Asiyesoma husomewa kwa lugha anayoielewa, na maneno hayabadilishwi kila wiki. Karatasi huwekwa mahali salama. Nawe una haki ya kuuliza, "Alama zangu zimefika wapi?" na kuelezwa.

Jambo jingine ni wale wanaoacha kuja. Tuseme wanawake kumi walianza na sita wakamaliza, na wote sita wana furaha. Kiongozi akisema kikundi kimefaulu, je, wale wanne wako wapi? Huenda wamepona na kurudi kazini. Huenda pia wamezidiwa hata kutoka kitandani hawawezi. Kiongozi mzuri huwafuata. Na wewe, kama mwenzako wa kikundi amekosa wiki mbili, pita kwake umjulie hali.

Swali la tisa

Sasa turudi kwenye lile swali la kuwaza kufa au kujiumiza. Hili ndilo wengi huliruka au hujibu hapana haraka haraka. Wengine huogopa watoto kuchukuliwa, wengine huogopa aibu, wengine huogopa polisi.

Swali hili halijumlishwi tu na kusahauliwa. Hata kama alama nyingine zote ni ndogo, jibu lolote zaidi ya sifuri hapa humfanya mhudumu akae nawe siku hiyo hiyo, akuulize zaidi, na kuhakikisha uko salama. Na kuuliza juu ya jambo hili hakumpandikizii mtu wazo la kujiua. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua.

Kuhusu polisi, kuwaza si kosa. Kilichokuwa kosa kwa miaka mingi katika sheria za Kenya ni kujaribu kujiua. Mwezi wa Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 katika Kanuni ya Adhabu, kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo mama, usinyamaze. Ukipata mawazo haya leo, usingoje siku ya kikundi. Mwambie mtu unayemwamini, asikuache peke yako, na mwende kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Nyumbani, dawa za shambani na vidonge viondolewe mahali unapoweza kuvifikia.

Wewe unayemwangalia mgonjwa

Mara nyingine mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kuona nafuu. Wewe unayeishi naye unaweza kuona mabadiliko madogo mapema. Ameamka na kuoga bila kusukumwa. Amemwimbia mtoto. Amesonga ugali akauliza nani hajala. Amekwenda mazishini na kukaa na wenzake. Mwambie umeona. Usimwambie, "Si sasa umepona, kikundi cha nini tena?" Mgonjwa wa malaria humaliza dawa hata homa ikishuka, na wa dipresheni naye amalize mikutano. Kama anatumia dawa, asiziache bila kumwona daktari.

Ukiona mambo yanarudi nyuma, halali, hali, hamtazami mtoto usoni, usingoje fomu. Mpeleke. Na usimhoji kila asubuhi kama askari. Kumpima waachie waliofundishwa, wewe kaa naye, na siku ya kikundi mshikie mtoto ili aweze kwenda.

Mambo ya kukumbuka

Dipresheni hupimwa kwa maswali yale yale yakirudiwa, na mstari ndio unaosema, si alama moja.

Alama za juu si kosa lako. Zinaonyesha mzigo ulio nao.

Alama zikipanda wiki moja, endelea kuhudhuria. Zikikaa palepale wiki nyingi, uliza msaada ubadilishwe.

Jibu ukweli, hasa swali la tisa.

Maliza mikutano yote hata ukijisikia vizuri.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu cha wasikilizaji

Hapa kwetu, watu hutumia maneno gani kueleza huzuni isiyokwisha? Mwanamke aliye mzima hapa kijijini hufanya nini kila siku ambacho mgonjwa hushindwa? Na tunawezaje kumsaidia mama mwenye mtoto mdogo asikose mkutano?

Mpenzi msikilizaji, ukienda kliniki wiki hii kumpima mtoto, muulize nesi au mhudumu wa afya wa jamii kama kuna kikundi cha ushauri nasaha karibu nanyi. Mtoto akishashuka kwenye mizani, nawe sema unavyojisikia. Hadi tukutane tena wiki ijayo, kwaheri.

(Muziki unapanda hadi mwisho.)